Shajara ya mradi: kiboko wa Ziwa Edward katika maji ya Kivu

Filamu ni ya dakika 24. Wavuvi watatu wa Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Edward, wanatega nyavu usiku mahali palipokatazwa, mtumbwi wao unapinduliwa na kiboko, na mpaka alfajiri wanahangaika kufika nchi kavu iliyo mita 60 tu mbele ya macho yao. Hakuna jini, hakuna jambazi, hakuna mnyama mwingine. Hadithi ni ya Ziwa Edward, lakini picha zote zinapigwa Goma, mashariki mwa Kongo, kandokando ya Ziwa Kivu, kwa sababu moja iliyomaliza mjadala: Kivu haina viboko wala mamba. Mwigizaji anaweza kuzama hadi kidevuni usiku wa manane, na mnyama pekee aliye naye majini ni yule tuliyemjenga.

Shajara hii ni ya ujenzi wa mnyama huyo. Vipimo vyote vimeandikwa, na yaliyoharibika pia, ili kikundi kingine kitakachotaka mnyama wa majini kisianzie tulikoanzia.

Wiki ya 1 na ya 2: hadithi

Rasimu ya kwanza ilimfanya kiboko mwindaji. Alifuata harufu, akavizia nje ya kibanda, akamrudia yuleyule aliyemkosa. Yote hayo yamefutwa. Kiboko ni mla majani. Jua likizama anatoka majini, anapita njia yake ileile iliyokanyagwa mpaka ikawa mfereji, anakula takribani kilo 40 za majani, na kabla hakujapambazuka amesharudi. Anayeumia ni mtu aliyesimama kati yake na maji, au kati ya mama na mtoto wake, au aliyepitisha mtumbwi juu ya mgongo asiouona. Sisi tunaona hili linatisha kuliko uwindaji. Mwindaji unaweza kumpiga chenga. Hapa kosa la wavuvi ni mahali walipo, na kila wanapojisogeza huenda wanajiweka pabaya zaidi. Kurasa 9 kati ya 26 ziliandikwa upya kwa msingi huo.

Jambo la pili lililoijenga hadithi ni pumzi. Kiboko mzima hukaa chini ya maji hadi dakika 5 hivi, na humo haogelei kama samaki. Anatembea, akijisukuma kwa miguu sakafuni mwa ziwa. Kwa hiyo kila anapozama tunaanzisha saa. Matukio matatu makubwa yamepimwa kwa saa hiyo: maji matupu, watu watatu wakihesabu kwa sauti ya chini, na hakuna muziki. Mara ya kwanza tunamfundisha mtazamaji hesabu. Mara ya pili atahesabu mwenyewe.

Tumejizuia pia kumgeuza zimwi. Katika Hifadhi ya Virunga, ambamo Vitshumbi imo, viboko walikuwa takribani 29,000 katika miaka ya 1970. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 walibaki chini ya 1,000, wengi wameuawa kwa bunduki kwa ajili ya nyama na meno. Kinyesi chao ndicho kinachorutubisha maji wanamokua samaki ambao Vitshumbi inawategemea. Filamu inayomwacha mtu akitamani kiboko auawe ingewakosea wavuvi walewale tunaowaonyesha. Kwetu hauawi.

Mlio wa bunduki nao umeondolewa. Katika rasimu, mlinzi wa hifadhi alipiga risasi mbili hewani. Sasa anapuliza filimbi na kuwasha tochi. Risasi za bandia usiku hapa Goma zingewatoa watu vitandani wakiwa na watoto mgongoni, na hakuna tukio la filamu lenye thamani hiyo. Hata mayowe tumeyatolea taarifa: shefu wa avenyu (barabara ya mtaa) na shefu wa kartie (mtaa wenyewe) walipewa barua siku 3 kabla, yenye saa ya kuanza na saa ya kumaliza, kisha majirani wakapitiwa mlango kwa mlango.

Wiki ya 3: mahali

Ufuko wa Goma ni lava nyeusi. Ziwa Edward upande wa Vitshumbi ni tambarare ya nyasi na matete. Mchana tofauti hiyo haifichiki. Usiku inafichika ikiwa kamera iko chini, isizidi sentimita 40 juu ya maji, na nyuma ya mwigizaji kuna matete. Tuna mafungu 14 ya matete, kila moja limesimikwa katika ndoo yenye kokoto ili lihamishwe na watu wawili. Kamera inatazama kusini magharibi tu. Kaskazini kuna taa za mji na, usiku mwingine, wekundu wa volkano ya Nyiragongo angani. Mashariki kuna taa za Gisenyi, mji wa Rwanda mpakani.

Huko kusini magharibi nako hakukuwa na giza. Wavuvi wa sambaza, samaki wadogo kama dagaa, hutoka na taa zao, mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, na nyimbo zao za kupiga makasia zinasafiri mbali sana juu ya maji tulivu. Katika jaribio la kwanza tulihesabu taa 31 ndani ya picha moja, na kinasa sauti kilileta wimbo mzima. Ratiba yetu ilikuwa imepangwa usiku wa giza, jambo lililoonekana la akili kwa filamu ya kutisha. Lakini usiku wa giza ndio msimu wao, kwa kuwa sambaza hufuata taa. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina nguvu, na wengi hupumzika. Tumehamishia upigaji wote kwenye mwezi mpevu, siku 2 kabla na siku 2 baada. Taa zimepungua hadi mbili au tatu, tena tumepata mwanga wa bure unaochora ukingo wa masikio ya kiboko juu ya maji. Tungekuwa tumewauliza wavuvi mapema, tungeokoa wiki nzima.

Kina kilipimwa kwa kamba yenye fundo kila nusu mita na jiwe mwishoni, vipimo 40 katika eneo la mita 10 kwa 12. Tulihitaji mita 1.3: maji ya kifua kwa mtu mzima, yanayotosha kuficha watu wanaomwendesha mnyama wakichuchumaa na kuvuta pumzi kwa bomba fupi. Sehemu nyingi hushuka kutoka mita 1 hadi mita 5 kwa hatua chache tu, na hizo hazifai hata kwa waogeleaji hodari, kwa sababu mtu aliyebeba kamba hawezi kuogelea. Kighuba kimoja upande wa Kyeshero, kartie ya Goma, kilikubali. Sakafu yake ni lava yenye makali kama chupa iliyovunjika. Mawe makubwa yaliondolewa, viroba vilivyoshonwa pamoja vikatandikwa, na hakuna anayeingia bila viatu.

Kuhusu mazuku tunaandika kwa kirefu, kwa sababu hapa mtu anaweza kufa kimya kimya katikati ya kazi. Mazuku ni kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini. Haina rangi, haina harufu, ni nzito kuliko hewa, hivyo hujaa kwenye mashimo na mabonde madogo, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Hadithi yetu ilitaka mvuvi mmoja ajifiche katika shimo la ufukoni, alale kifudifudi hadi kukuche. Hakuna mahali pabaya kuliko hapo. Watu wengi hutegemea mshumaa: ukizimika, kimbia. Mshumaa unaweza kuendelea kuwaka katika hewa ambayo tayari inamlegeza mtu, kwa hiyo kwetu si kipimo cha usalama. Tumekodi kipima gesi kinacholia kengele, kinawekwa usawa wa pua ya mtu aliyelala, na kinasomwa kila dakika 10. Na hata hivyo shimo halitumiki. Tumejenga jukwaa la mbao lenye urefu wa sentimita 90 kwenda juu, tukalizungushia matete na udongo. Kamera ikimtazama kutoka juu, mvuvi aliyelala hapo anaonekana yuko shimoni, kumbe yuko mahali upepo unapita.

Wiki ya 4 hadi ya 6: kichwa kinachoelea

Kichwa hiki kitabeba filamu. Maumbile ya kiboko yamekwisha kumfanyia mwongozaji kazi: pua, macho na masikio vyote viko kwenye mstari mmoja wa juu, hivyo mnyama wa zaidi ya tani moja anaweza kukutazama huku akionyesha juu ya maji sentimita 10 tu za mwili wake. Tukikosea sentimita 5 tu kwenda juu, kinachoonekana ni sanduku linaloelea.

Kiini ni polisitireni, lile povu jeupe gumu linalofungia friji na televisheni. Vipande 22 viliunganishwa kwa gundi nyeupe ya mbao, vikachongwa kwa msumeno na kisu cha moto. Urefu kutoka puani hadi nyuma ya masikio ni sentimita 85. Ngozi ni mpira wa ndani wa tairi za lori, mipira minne mikubwa iliyonunuliwa Birere, mtaa wa biashara wa Goma. Mpira huo ukilowa unang'aa kijivu cheusi kama ngozi yenyewe, na kwa kuwa umezaliwa na mviringo, unakaa kwenye pua bila mikunjo.

Kosa la kwanza: gundi ya kuziba pancha ilipakwa moja kwa moja juu ya polisitireni. Kiyeyushi kilichomo ndani yake huyeyusha povu hilo. Ndani ya robo saa pua ya kushoto ilikuwa shimo la kina cha sentimita 6. Rangi ya kupuliza na petroli hufanya vivyo hivyo. Sasa kabla ya mpira kuna ukuta: tabaka 4 za karatasi ya mifuko ya saruji kwa gundi nyeupe, zikauke siku 2, kisha mikono 2 ya rangi ya mafuta ya mlango, siku 2 nyingine. Ndipo mpira unabandikwa, na kingo zinashonwa kwa uzi wa nailoni na kuzibwa kwa silikoni. Gundi nyeupe hulainika ikilowa, kwa hiyo mshono unaovuja hauonekani siku ya kwanza; unaonekana siku ya tatu, ngozi ikianza kutembea juu ya mwili.

Hesabu ya kuelea ndiyo iliyotuchosha, lakini ni rahisi ukiifuata. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kichwa kina ujazo wa lita 62, na kikavu kina uzito wa kilo 9. Tunataka lita 48 zizame na lita 14 zibaki juu. Maana yake uzito wote uwe kilo 48, yaani tuongeze kilo 39. Tulianza na mawe ya lava, kwa kuwa yamejaa kila mahali. Lava hii imejaa vitundu. Likining'inia majini, jiwe la kilo 10 linavuta kama la kilo 5 au chini yake. Tukahamia vipande vya nondo, ambavyo majini hupoteza sehemu moja tu kati ya nane za uzito wake. Kilo 45 za nondo zimetoa kilo 39 tulizozihitaji.

Mahali pa kuning'iniza ni muhimu kuliko kiasi. Nondo zilipowekwa ndani ya kichwa, kiligeuka tumbo juu kwa wimbi la kwanza. Sasa ziko sentimita 40 chini yake, kwenye fremu ya bomba inayoteleza mbele na nyuma. Ukiisogeza mbele sentimita 3, pua inazama na masikio yanainuka. Ukiirudisha, anaonekana ananusa. Mtu mmoja amepewa kazi hiyo tu, na amepaka alama 5 za rangi kwenye bomba ili asibahatishe gizani.

Masikio yanatingishwa. Kiboko akiibuka, kwanza anatoa pumzi kwa nguvu, kisha masikio yanazunguka harakaharaka kumwaga maji. Bila hilo mtazamaji anajua amedanganywa, hata kama hajawahi kumwona kiboko. Waya wa breki ya baiskeli ulifaa mezani, ukashindwa kwa umbali wa mita 8: ala yake hubanwa na kunyumbulika, nguvu inaishia njiani. Uzi wa nailoni wa milimita 1 unafanya kazi. Sikio limekatwa kwenye kandambili, bawaba ni kipande cha mpira wa ndani, uzi unalivuta mbele na ukanda wa mpira unalirudisha. Kwa pumzi, tunatumia bomba la mgongoni la kupulizia mashamba, la lita 16, mrija wake umepita ndani hadi puani. Linunuliwe jipya. Lililowahi kubeba dawa ya wadudu halioshwi likasafika, na waigizaji wanapuliziwa usoni.

Wiki ya 7: mdomo

Mdomo unaonekana mara tatu tu, jumla ya sekunde 11. Fremu ni nondo za milimita 10 zilizochomelewa, taya lina sentimita 70, bawaba ni kitovu cha gurudumu la baiskeli. Kiboko halisi hufungua hadi nyuzi 150; letu limeishia 110, kwa sababu zaidi ya hapo nguzo inayolishika huonekana. Nguzo ni bomba la chuma la inchi 2 lililomwagiwa zege ndani ya rimu ya gari.

Nyama ya taya ilikuwa sponji ya godoro. Kavu ilipimwa kilo 3, ikatolewa majini na kilo 24, na watu wawili hawakuweza kuinua mdomo. Godoro linakunywa. Tumeweka povu la jaketi za kuokolea zilizochakaa na mikeka ya povu la kulalia, ambavyo vitundu vyake vimefungwa, na ngozi tumetoboa matundu ya milimita 8 kila sentimita 10 upande wa chini ili maji yatoke mdomo unapopanda. Yale maji yanayomiminika yamegeuka kuwa sehemu nzuri kuliko zote za mdomo huu, hatukuyapanga.

Meno ya mbali ni bomba la PVC la milimita 40 lililojazwa mchanga, likapashwa juu ya makaa na kupindwa. Mchanga unazuia bomba kujikunja. Lipashwe joto tu, lisiungue, na kazi ifanyike nje, maana moshi wake ni sumu. Meno ya karibu na mtu ni laini: silikoni ya kuzibia madirisha ikikandwa na wanga wa mahindi, ujazo sawa kwa sawa, inashika umbo haraka. Paka mikono mafuta, na dirisha liwe wazi kwa ile harufu kali ya siki. Kizuizi cha chuma kinalizuia taya libaki na nafasi ya sentimita 14, lisifunge kabisa hata kamba ikikatika. Kamba ilikatika mara moja, hakukuwa na mtu ndani, na kizuizi kilishika.

Mdomo mzima na fremu ni kilo 70 hivi. Unasafirishwa kwa chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, na chukudu hiyohiyo ndiyo gari la kamera kwa picha ya mita 6 kando ya maji. Juu ya lava ilitikisika mpaka picha haikutazamika. Mbao mbili za kuviringishia magurudumu na mfuko wa mchanga wa kilo 20 juu ya ubao wa kusimamia vimetuliza karibu yote. Ekseli inalia, grisi imepunguza, na sauti ya tukio hilo itarekodiwa upya.

Wiki ya 8: kupindua mtumbwi

Kuusukuma kutoka chini kulishindikana: mtumbwi unainuka, unateleza pembeni, unatulia. Tunauvuta badala yake. Kamba inafungwa kwenye ukingo wa upande wa pili, inashuka chini ya mtumbwi, inapita kwenye puli iliyofungwa sakafuni, inaishia ufukoni kwa watu wanne. Ukingo mmoja unazama, mwingine unarushwa juu, na hapo penye kurushwa ndipo mgongo wa mpira unapoibuka. Puli ilishikiliwa na viroba 4 vya lava, kilo 200 kavu. Viliinuka. Sababu ni ileile ya vitundu. Sasa ni viroba 7, na juu yake rimu mbili zenye zege.

Waigizaji wanavaa jaketi nyembamba za kuokolea chini ya mashati. Waogeleaji wawili wako majini muda wote nje ya picha, filimbi moja inasimamisha kila kitu, na hakuna mota ya boti inayowashwa ndani ya mita 50. Taa ni za LED mbili za wati 50 kwa betri ya volti 12 yenye saa-ampea 70: ukitumia nusu tu ya betri unapata saa 4. Umeme wa nyumba hausogei karibu na maji.

Sauti ya kiboko bado haijakamilika. Tuna msingi: mtu anaguna ndani ya bomba la inchi 4 lililotumbukizwa mdomo wake katika bidoni (dumu la plastiki) tupu, na sauti inashushwa kwenye kompyuta. Mguno wa kiboko husikika hewani na majini kwa pamoja, kwa hiyo tunaurekodi mara mbili, mara ya pili kwa kipaza sauti kilichofungwa ndani ya kondomu na kuzamishwa nusu mita. Ile ya majini ndiyo inayoingia mifupani.

Usiku wa kwanza wa mwezi mpevu

Picha 17 zilipangwa, 11 zimepatikana. Upepo uliinuka saa tano usiku na mawimbi ya sentimita 20 yalikifunika kichwa. Mstari wa maji ulipotea, tukasubiri hadi saa nane na nusu. Damu ya syrupu ya sukari ilizama kama jiwe badala ya kutanda, hivyo usiku ujao ni maji, rangi ya chakula na wanga kidogo, katika vifuko vya mililita 200. Mshono wa shavu la kulia umeanza kuvuja na lazima ukaushwe siku 3 kabla ya kupakwa tena.

Picha ya kuibuka imekubaliwa kwa jaribio la sita. Pumzi ikatoka, masikio yakazunguka, la kushoto likachelewa kidogo nyuma ya la kulia kwa sababu uzi wake ulikuwa umelegea. Uzi hautakazwa, alama ya urefu wake imepigwa kwa rangi nyeupe kwenye kigingi, ili ufungwe hapohapo usiku wa kesho.